Friji Inawaka Lakini Haigandishi: Vipimo vya Kufanya Kabla ya Kukubali Kwamba "Gesi Imeisha"

Gesi ya friji haiishi kama ya jiko. Haichomwi, hailiki, kompresa inaizungusha tu ndani ya mabomba yaliyochomelewa kila kiungo, na friji isiyovuja inaweza kufanya kazi miaka mingi kwa gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, kuna tundu. Fundi anayesema "gesi imeisha, tujaze" bila kukuonyesha inapovujia amekupa nusu ya jibu kwa bei ya jibu zima, na baada ya wiki kadhaa mtaonana tena.

Tena mara nyingi gesi haihusiki kabisa. Friji ikikataa kupoza, ubovu unaweza kuwa kwenye umeme, thamostati (kidhibiti cha baridi), rilei (kidude cha kuondoshea kompresa), feni, hita, raba ya mlango au vumbi la nyuma, na hivyo vyote hupimwa bila kukata bomba hata moja. Tafuta bisibisi, tochi, kipimajoto na mita ya kawaida ya umeme. Popote panapohitaji kufungua kifuniko, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi: soketi ikiwa imefungwa laini (waya unaoleta umeme) upande wa nyutro (waya wa kurudi), swichi imezimwa lakini umeme bado upo ndani ya friji.

Chakula kwanza

Acha milango imefungwa. Friji isiyofunguliwa huhifadhi chakula salama kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa hukaa hadi saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kila ukifungua "kuangalia kidogo" unakula muda huo.

Nyama, samaki, maziwa, wali na mboga zilizopikwa vikikaa juu ya nyuzi 4 za Selsiasi kwa zaidi ya saa 2, usivihurumie. Kilichotoka friza kikiwa bado kina chembe za barafu ndani unaweza kukigandisha tena, ingawa samaki atakuwa amelegea. Kama umeme wa kwenu hukatika usiku bila mtu kujua, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kisha kirudishe kwenye friza. Ukikuta sarafu imezama mpaka chini, yaliyomo yote yaliyeyuka yakaganda upya.

Soma kibandiko kabla ya kugusa kitu

Ndani ya friji ubavuni, au nyuma karibu na kompresa, kuna kibandiko chenye volti, aina ya gesi, uzito wa gesi kwa gramu na daraja la hali ya hewa. Gesi ya friji nyingi za sasa ni R600a, za kabla yake R134a. R600a ni isobutani: inashika moto. Kiasi chake ni kidogo, aghalabu kati ya gramu 20 na 70, lakini ikijikusanya kwenye jiko dogo lililofungwa madirisha, cheche moja inatosha.

Daraja la hali ya hewa huandikwa kwa herufi. SN hufanya kazi vizuri chumba kikiwa na nyuzi 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, na T ni 16 hadi 43. Friji ya mtumba kutoka Ulaya yenye N peke yake, ikiwekwa jiko la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, itanguruma mchana kutwa na bado maji huenda yasipoe vizuri. Hiyo haijaharibika. Iko mahali ambapo haikutengenezewa, na hakuna gesi ya kuongeza itakayobadilisha hilo.

Kisha jua aina ya friji yako. Ya kawaida hujenga barafu kwenye kuta za friza na wewe huiyeyusha mwenyewe. Difriza la kulala nalo ni la ukoo huo. Ya pili ni nofrosti: koili ya baridi imefichwa nyuma ya ukuta wa plastiki, feni inasambaza hewa, na hita inayeyusha barafu yenyewe mara kwa mara. Aina hizi mbili huugua magonjwa tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakowafanya watu wanunue vipuri visivyohitajika.

Taa kuwaka si ushahidi wa umeme kutosha

Taa ya LED itawaka hata kwa volti 120. Kompresa haitaondoka. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, Kenya 240, na kompresa inapoondoka huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya inapokuwa imeshakolea, kwa hiyo udhaifu wa waya huonekana sekunde hiyo hiyo.

Pima volti kwenye soketi ikiwa haina kitu. Halafu chomeka pasi ya umeme ya wati 1000 kwenye soketi pacha, au kwenye eksitensheni ile ile ya friji, upime tena pasi ikiwa inapata moto. Ikishuka kwa zaidi ya volti 10 au 15, kuna kiungo kilicholegea, waya mwembamba au eksitensheni ya bei rahisi iliyochoka. Ikiwa soketi ilisoma 225 na inaporomoka chini ya 185 friji inapojaribu kuwaka, ubovu si wa friji hata kidogo. Gusa plagi baada ya dakika 20 za kazi. Ikiwa ya moto, miguu yake haishiki vizuri.

Friji gadi, kile kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme mbovu, nayo huwapa watu hofu ya bure. Umeme ukirudi, inasubiri dakika 3 au zaidi kabla ya kuruhusu, na kama volti ni ndogo au kubwa kupita kiasi haitaruhusu kabisa. Taa yake ikionyesha inasubiri, nawe subiri. Kuiruka kwa kuchomeka friji moja kwa moja "ili iwahi" kunaua kompresa, kwa sababu msukumo wa gesi ndani ya mabomba unahitaji dakika 3 hadi 5 kusawazika kabla mota haijaweza kuzunguka tena.

Na kama friji imehamishwa ikiwa imelala kwenye gari, isimamishe bila kuiwasha kwa saa zile zile ilizolala, na ikiwa ililala siku nzima, iache siku nzima. Oili ya kompresa hutiririkia kwenye mabomba na lazima irudi.

Sikiliza kompresa

Kompresa ni lile pipa jeusi nyuma chini. Weka sikio karibu, au ncha ya bisibisi kwenye pipa na mpini sikioni. Utakuta moja ya hali tatu: kimya kabisa, inajaribu na kukata, au inanguruma bila kukoma lakini baridi hakuna. Kila hali ina njia yake.

Kimya kabisa

Anza na kinachochekesha: kitufe cha thamostati. Kikigeuzwa hadi 0 wakati wa kusafisha, friji imezimwa, taa ya ndani itaendelea kuwaka na familia nzima itaita fundi. Namba za kitufe si nyuzi za joto. 1 ni baridi kidogo, 5 au 7 ni baridi kali.

Ikiwa kitufe kiko sawa, chomoa plagi na ufungue kiboksi cha thamostati, ambacho kwenye friji nyingi ndicho chenye taa. Nyaya mbili zinaleta na kupeleka umeme wa kompresa. Ya tatu ikiwepo ni ya taa, na ya kijani yenye mistari ya njano ni ya ardhi. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote. Pima kwa mita, sehemu ya mlio, kati ya miguu miwili ya kompresa: friji ikiwa ya joto na kitufe kikiwa 3 au 4, lazima iungane. Isipoungana, thamostati imekufa. Kipuri ni cha bei ndogo, ila kinunuliwe chenye urefu ule ule wa kile kiwaya cha shaba cha kuhisi baridi, na ncha yake irudi palepale ilipokuwa imebanwa kwenye sahani ya baridi. Ncha ikining'inia hewani, friji itagandisha hadi maziwa ya rafu ya chini.

Nofrosti ya zamani ina taima badala ya bodi ya elektroniki. Kila baada ya saa 8 hadi 12 za kazi inazima kompresa na kuwasha hita. Taima ikikwama hapo, kompresa inabaki kimya siku nzima huku friza ikiwa ya vuguvugu. Ina tundu au kichwa cha kuzungushia. Kizungushe taratibu kwa bisibisi kuelekea mwendo wa saa mpaka isikike "ta". Kompresa ikiwaka muda huo huo, ilikuwa kwenye zamu ya kuyeyusha. Ikikwama tena kesho yake, badilisha taima.

Kwa wanaoishi Njombe, Makete au Limuru kuna jambo jingine kabisa. Mwezi wa sita na wa saba, chumba kikishuka kwenye nyuzi 10 au 12, friji yenye thamostati moja inayohisi sehemu ya chini huona kwamba baridi inatosha. Kompresa haiwaki, na nyama ya kwenye friza inayeyuka polepole. Hakuna kilichoharibika. Friji nyingine zina swichi ya msimu wa baridi inayowasha kijoto kidogo ndani ili kuidanganya thamostati. Isiyo nayo ihamishie chumba chenye joto zaidi, au ongeza namba na ukague friza kila siku.

Inajaribu, inakata

Unasikia "ta", mngurumo mzito wa sekunde chache, "ta" tena, kisha kimya cha dakika kadhaa, na mzunguko unarudi. Hiyo ni ovaloodi, kikatio cha usalama, inaokoa mota isiungue. Umeshapima volti, kwa hiyo sasa fungua kifuniko kidogo cha plastiki ubavuni mwa kompresa. Kama kuna kapasita, kidude kinachohifadhi umeme hata plagi ikichomolewa, usiiguse miguu kabla ya kuitoa chaji kupitia balbu ya wati 60 ya uzi. Kuitoa kwa bisibisi ni tabia ya mafundi wengi, nayo huishia kuunguza bisibisi au kapasita yenyewe.

Rilei ndiyo mkosaji wa kwanza. Ni kidude cheusi kilichochomekwa kwenye pini za kompresa, na ndani yake kuna kidonge kama cha dawa. Ichomoe ikiwa imepoa, itikise karibu na sikio. Ikilia kama kokoto kwenye kopo, kidonge kimepasuka. Harufu ya kuungua au doa jeusi ni jibu lile lile. Nzima, ikiwa ya baridi, husoma kati ya omu 10 na 50 hivi. Ovaloodi nayo, ikiwa ya baridi, isome karibu na 0; isipoungana imekufa. Unapoibadilisha, chukua ya nguvu sawa na kompresa: moja ya sita ya nguvu za farasi kwa moja ya sita, moja ya tano kwa moja ya tano. Ndogo itakata bila sababu, kubwa haitakata hata mota ikiungua.

Pini za kompresa zimebaki wazi, tatu, zimekaa kama mafiga. Pima omu kati ya kila jozi, uandike. Tuseme umepata 12, 18 na 30. Kubwa zaidi lazima iwe jumla ya hizo mbili nyingine. Ikiwa ni hivyo, koili za mota ni nzima. Pini ambayo haikuhusika kwenye kipimo cha 30 ndiyo ya pamoja. Kutoka hapo, omu ndogo ni koili ya kukimbilia na kubwa ni ya kuondokea. Jozi isiyoungana kabisa ina maana waya umekatika ndani. Halafu kwangua rangi kidogo kwenye pipa na upime kati ya kila pini na chuma: mita isione kitu. Ikiona, kompresa inavuja umeme kwenye mwili wa chuma wa friji, na ndiyo maana watoto wanapigwa "shoti" wakishika mpini. Irudishwe kwenye umeme siku kompresa mpya itakapofungwa, si kabla.

Koili nzima, rilei mpya, volti 230 zilizotulia, na bado inanguruma na kukata: kompresa imekwama kwa ndani. Kuigonga kwa nyundo ya mbao wakati mwingine huiondoa. Hiyo ni siku ya kutoa chakula, wala si ya kusema imepona.

Friji za inveta, zile ambazo kompresa yake hubadilisha mwendo, zina sheria nyingine. Pini zake tatu husoma omu sawa au karibu sawa, kompresa huendeshwa na bodi, na umeme wa ukutani ukipelekwa moja kwa moja kwenye pini hizo unaiua papo hapo. Ikiwa koili ziko sawa na haiwaki, tafuta ubovu kwenye bodi. Taa ndogo inayopepesa juu ya bodi huhesabiwa kwa mapepeso, na maana yake ipo kwenye kitabu cha friji.

Inanguruma, baridi hakuna

Hapa ndipo gesi husingiziwa, kwa hiyo enda polepole.

Weka mkono nyuma, kwenye ile neti nyeusi ya kondensa, inayotoa joto nje, au kwenye mbavu za nje ikiwa friji yako haina neti. Baada ya dakika 15 za kazi inapaswa kuwa na joto la kueleweka, la juu zaidi pale bomba linapotoka kwenye kompresa, likipungua kuelekea mwisho. Kondensa yenye joto ina maana gesi ipo na inazunguka. Kama ni ya moto sana yote, haipati hewa: kuna vumbi lililoganda na mafuta ya kupikia, au friji imebanwa ukutani. Iache na nafasi ya sentimita 10 nyuma na pengo juu, isafishe kwa brashi laini, na toa yale magunia na vitambaa vilivyotandazwa juu yake. Friji iliyowekwa ubavu kwa ubavu na jiko inapoza jiko.

Kisha raba. Weka noti katikati ya mlango na fremu, funga, vuta. Ikitoka bila kushikwa, hapo hewa inaingia. Rudia kila sentimita 20, kuzunguka mlango wote, hasa pembe za chini upande wa bawaba. Raba chafu huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Iliyokunjamana hulainishwa kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto kisha hunyooshwa kwa vidole mpaka ishike. Iliyopasuka ibadilishwe. Angalia pia taa inazimika mlango ukifungwa: acha simu ndani ikirekodi video. Balbu ya zamani ya wati 15 inayowaka saa zote ni hita ndani ya friji yako.

Baada ya hapo tazama barafu, maana barafu inasema mengi kuliko geji ya kupimia msukumo wa gesi.

Kwenye friji ya kawaida, iyeyushe yote, ikaushe, iwashe ikiwa tupu. Nusu saa baadaye sahani yote ya friza iwe imeanza kushika ubaridi na barafu nyembamba kama chumvi, sawasawa kila upande. Barafu ikishika kona moja tu, pale bomba linapoingilia, na kwingine kubaki kukavu, gesi ni pungufu. Ikishika kidogo kila mahali bila kukolea, na kompresa ni ya moto lakini kondensa ni ya vuguvugu, vali za kompresa zimechoka na haisukumi. Ikigandisha vizuri, ikaacha yenyewe, ikapona ukiizima saa chache, kisha ikarudia, kuna unyevu ndani ya mfumo: tone la maji linaganda kwenye mdomo wa kapilari, bomba jembamba linalopeleka gesi kwenye koili ya baridi, na kuziba. Na ile filta ya shaba, kikopo kidogo kabla ya kapilari, ikitoa jasho au ikiwa baridi, imeziba. Kawaida yake ni joto kidogo.

Kuna jaribio moja la bure zaidi. Izime kompresa iliyofanya kazi kwa nusu saa, fungua friza, sikiliza. Kwa dakika kadhaa utasikia "shhh" na mbubujiko wa gesi ikimalizikia kwenye koili ya baridi. Kimya kabisa kinaashiria mabomba matupu au njia iliyoziba.

Barafu nene kupita milimita 5 nayo huzuia baridi, hata gesi ikiwa kamili. Iyeyushe kwa kuzima friji na kuweka sufuria ya maji ya moto ndani juu ya kitambaa. Kisu, bisibisi na mwiko wa chuma vikae mbali: sahani za aluminiamu ni nyembamba, bomba liko chini ya rangi, na ukisikia "psss" umeshachelewa. Kama friji ni ya R600a, fungua madirisha, usiwashe jiko wala usichomoe plagi hapo hapo, cheche ya plagi inatosha. Kata umeme kwenye swichi kuu ikiwa iko mbali.

Nofrosti: friza inaganda, chini kuna joto

Malalamiko haya yana sababu tatu za kawaida: feni imesimama, barafu imeziba njia ya hewa, au kile kimlango kinachoruhusu hewa ishuke kimekwama. Fungua mlango wa friza na ubonyeze swichi ya mlango kwa kidole, maana feni nyingi huzimwa mlango ukifunguliwa. Usiposikia feni wala upepo, ni yenyewe au barafu imeikamata.

Chomoa plagi, toa kila kitu, acha milango wazi saa 24, weka matambara sakafuni. Iwashe. Ikipoza vizuri siku kadhaa hadi wiki mbili kisha ikarudia ugonjwa ule ule, mfumo wa kuyeyusha barafu ndio umekufa, na sasa unajua hivyo bila kulipa senti. Isipopona hata baada ya kuyeyuka kabisa na feni inazunguka, rudi kwenye dalili za gesi.

Mfumo wa kuyeyusha una vipande vichache. Hita: soma wati zake, kisha gawanya 230 mara 230 kwa wati hizo. Ya wati 150 isome karibu omu 353. Ikisoma kati ya 340 na 370 ni nzima, isipoungana imekatika. Fyuzi ya joto, kidude cheupe au cheusi kilichofungwa kwenye bomba la koili, hukatika katikati ya nyuzi 70 na 77 na haijirudishi. Kuiunganisha waya kwa waya ni kuwasha moto wa plastiki siku hita itakaposhindwa kuzimika. Baimeto, swichi inayohisi joto la koili, hufunga ikiwa kwenye baridi kali na kufunguka koili ikipata joto, kwa hiyo usiihukumu ikiwa mezani. Iweke kwenye barafu yenye chumvi kwa dakika 10, kisha upime. Friji za bodi zina sensa mahali pa baimeto, na sensa iliyopotoka hufanya bodi iamini hakuna barafu.

Maji yaliyotuama chini ya droo ya mboga ni tundu la kutolea maji lililoziba. Bomba la sindano lisilo na sindano na maji ya vuguvugu hulizibua.

Ikiwa kweli ni gesi

Kazi hii ni ya fundi mwenye vifaa, na unaweza kujua kama anavyo kabla hajaanza. Aje na pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa na unyevu kwenye mabomba), mizani, filta mpya na njia ya kutafuta tundu: naitrojeni ya kushindilia mabomba na povu la sabuni kwenye viungo. Doa la mafuta kwenye bomba kwa kawaida ndipo inapovuja, maana oili hutoka na gesi. Ukanda wa pwani, chumvi ya hewa hula kondensa za chuma na viungo vya nyuma. Tundu lisipoonekana nje, linaweza kuwa kwenye bomba la kuzuia jasho linalozunguka fremu ya mlango ndani ya foamu. Hilo hurukwa kwa kuunganisha mabomba nje, na fremu itatoa jasho kidogo siku za unyevu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kwa R600a, gesi iliyobaki itolewe nje ya nyumba, mbali na moto, kabla mtu hajawasha kichomeleo. Tundu lizibwe, filta ibadilishwe kila mfumo unapofunguliwa, vakyumu ivute nusu saa au zaidi, kisha mfumo uachwe uone kama geji inapanda. Hapo tu ndipo gesi ijazwe kwa gramu za kwenye kibandiko. Ikiwa imeandikwa gramu 48, ni 48. Anayejaza "kwa kuangalia geji" kwenye R600a hukosea kwa urahisi, kwa sababu upande wa msukumo mdogo wa friji nzima ya R600a husoma chini ya sifuri ikiwa inafanya kazi. Akisubiri geji ipande kama alivyozoea kwa R134a, ambayo huwa karibu na psi 0 hadi 5, atajaza mara mbili. Dalili ya kuzidisha ni bomba la kurudi linaloganda mpaka kwenye kompresa.

Kompresa ya R134a hairuhusu R600a, wala kinyume chake. Oili na ukubwa wa pampu ni tofauti. Gesi ya kupikia haina nafasi kwenye friji yoyote. Na "kuvuta vakyumu" kwa kuiachia gesi isukume hewa nje huacha unyevu ndani, unaokuja kuziba kapilari mwezi mmoja baadaye.

Kuthibitisha kwamba imepona

Siku ya kwanza usiijaze. Iwashe tupu saa 6 hadi 8, kisha weka chakula kidogo kidogo, sufuria zikiwa zimepoa. Kipimajoto kikae ndani ya glasi ya maji rafu ya kati usiku kucha: nyuzi 4 au chini kidogo yake ni sawa. Kingine kati ya pakiti za friza, kikaribie nyuzi 18 chini ya sifuri baada ya saa 24. Kompresa ya kawaida iwe inapumzika walau mara kadhaa kwa siku, hata Dar es Salaam. Ya inveta huzunguka karibu muda wote kwa mwendo mdogo, na hiyo ndiyo kazi yake. Andika nyuma ya friji kwa kalamu ya wino mzito tarehe, gesi, gramu na kilichobadilishwa. Fundi atakayefuata hatakuwa na cha kubahatisha.